Kurasa Zisizo Nambari

Saa tano kamili, si dakika zaidi,
nilifungua kufuli mbili za sanduku
mbele ya watu sita na feni mbovu.
Ufunguo mmoja wangu, wa pili wa mhasibu,
ili mmoja wetu akishawishika
mwenzake amzuie. Ndivyo sheria ilivyo, na ni nzuri.

Bahasha nne. Tatu za kaki,
moja nyeupe, ina mkunjo katikati
na harufu ya majani mabichi.
Nikasoma kwa sauti kama nilivyofundishwa:
jina, kiasi, dhamana, idadi ya kurasa.
Uzoaji taka, mji wa kale wa Lamu, miezi kumi na miwili.

Kampuni ya Mombasa: milioni nane na laki mbili.
Kitabu chao kimejalidiwa, kina utepe,
kurasa mia na arubaini, kila moja na nambari yake
pembeni kulia, na picha ya lori
jipya, la kijani, tani saba.

Shee Kupi wa Langoni: milioni tatu na nusu.
Punda kumi na mmoja, amewataja kwa majina.
Nami nikayasoma, maana fomu iliuliza
orodha ya vyombo na hali ya kila kimoja:
Tabasamu, mzima. Bi Harusi, mzima. Deni,
anachechemea mguu wa nyuma, atapona kabla ya Rajabu.
Mhasibu akacheka. Shee, kiti cha nyuma,
kofia magotini, hakucheka.

Sasa niseme langu.
Masharti yale niliyaandika mimi.
Nasema niliandika; niliyanakili
kutoka mji mwingine, wenye barabara,
usiku wa kuamkia siku ya kutangaza,
nikibadilisha jina la mji kila nilipoliona.
Ukurasa wa kumi na tisa sikuuona.
Sharti la nne: mzabuni awe na lori.
Lori! Na mimi kila asubuhi naenda kazini
bega likipangusa kuta za Mkomani,
na nikikutana na punda mwenye shogi mbili
mmoja wetu hana budi kurudi nyuma,
na si punda.

Wiki ya pili tukakaa kutathmini.
Hapakupenyezwa rupia. Naapa.
Hakuna aliyepiga simu, hapakuwa na chai
ila chai, ya tangawizi, tuliyojilipia.
Shee alianguka hata kabla ya kufika kwenye lori:
kurasa zake ishirini na mbili
hakuzipiga nambari.
Nikauliza, je, hatuwezi kuzihesabu?
Mwenyekiti, Bwana Famau, mtu mwema, akasema:
Tukimhesabia huyu, kesho tutamhesabia nani?
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nikatia sahihi.

Lori lilifika Mokowe mwezi wa tatu,
likaegeshwa gatini, likitazama maji.
Lipo hadi leo; kuku wa mlinzi hutaga chini yake.
Upande huu taka inazolewa,
msidhani haizolewi:
kampuni imekodi punda,
kumi na mmoja wale wale, laki moja kwa mwezi,
na Shee hupita chini ya dirisha langu alfajiri
akiita, Deni! Twende, Deni!
Nikiwa sijaamka vizuri
hudhani naitwa mimi.

Mwaka huu naandika masharti upya.
Nimetembea na futi ya fundi cherehani,
nikapima Ndia Kuu, nikapima vichochoro,
watoto nyuma yangu wakiuliza mji unashonewa nini.
Sharti la nne: chombo kiweze kupita penye futi nne.
Sharti la tano nimelifuta, nikalirudisha,
nikalifuta, nikalirudisha:
kurasa zote zipigwe nambari.

Jana dukani nilimkuta Mwanatumu, bintiye Shee,
ananunua kalamu nyekundu.
Akaniuliza, nambari huandikwa juu au chini?
Sheria hainiruhusu kumjibu mzabuni mmoja peke yake.
Nilitazama mlangoni, nikatazama barazani.
Chini, nikasema. Kulia.